Bahasha za Mpunga

Nikisikia harufu ya bahasha mpya za kaki, pale kwenye duka la mtaa wa Makiso, ninaficha mikono nyuma.

Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa mbegu kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi. Vita vilipofunga kituo, alikuja kupanda mpunga wake nyuma ya nyumba yetu ya Kisangani, pamoja na mpunga-mwitu wa bwawani, ule usiougua. Kila asubuhi alifungua ua la mpunga kwa kibano, akalitia chavua ya ule wa mwitu, kisha akalifunga ndani ya bahasha ndogo, chavua nyingine isiingie. Juu aliandika namba kwa wino mwekundu.

Waasi waliingia wakitafuta chakula. Miili yao ilikuwa imechanjwa dawa ya kuzuia risasi. Walipoona zile bahasha, wakarudi nyuma.

"Ni nani alifunga hii dawa?" aliuliza mkubwa wao.

"Ni papa yangu!" nilijibu kwa majivuno. "Ni yeye tu anajua."

Wakamtoa ndani. Akipita karibu yangu, aliniambia mimi, binti yake, polepole, "Usiguse bahasha, mama. Nitafungula mwenyewe."

Hakurudi. Mvua ziliziozesha bahasha moja moja. Sikugusa hata moja.