Mlima Nilioufuta kwa Kidole

Nisifiche: miye ndiye niliyefuta volkano ya Goma. Niliifuta kwenye picha za Facebook za nyumba yetu ya wageni, mtaa wa Himbi.

Mama Furaha, patroni wetu mwenye nyumba, aliniambia, "Watu wanaogopa waasi, wanaogopa na lava. Picha isiogopeshe mutu." Basi nikafuta gari la askari lililokuwa barabarani. Nikafuta mawe meusi ya lava pembeni ya ukuta. Mkono ukazoea, nikafuta na mlima wenyewe, nikaweka anga la buluu. Pongezi zikamiminika, nami nikajiona fundi.

Kisha akaja Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka mji wa Beni. "Picha yenu ndiyo iliyonileta," aliniambia uani. "Hapa volkano iko mbali, si ndiyo?"

"Mbali sana, mama. Hata haionekani."

Mchana kutwa mawingu yalinifichia uongo wangu. Jioni upepo wa ziwani ukayapasua. Mlima ukasimama juu ya paa letu, mkubwa kuliko nilivyoukumbuka, moshi wake mwekundu kama makaa yanayopulizwa. Kwenye simu niliufunika kwa kidole kimoja!

Mama Kavira akainua simu yake yenye ile picha, akailinganisha na paa, akatazama huku na kule. Halafu akanipa simu, akauelekezea mlima kidevu.

"Shika, papa. Futa na huu."