Jina Langu Redioni, Simu Yako Sandukuni

Nakumbuka Jumamosi moja pale Uyole, mwanangu, nina miaka kumi na mitano kama wewe, nimemwacha mtoto mwenye homa chumbani ili nisikie jina langu likisomwa redioni. Usicheke. Najua huamini kwamba bibi yako huyu, anayeshika simu kama kaa la moto, naye aliwahi kunaswa.

Nilikuwa nimetoka hapa Igowole baada ya mama kufariki, nikapelekwa kwa mama mdogo nisome. Kule watu wanaongea Kisafwa na Kinyakyusa, mimi nina Kihehe changu tu. Shuleni walinicheka. Nyumbani kila mtu alikuwa na shughuli zake. Ndipo nikagundua kadi za salamu: unaandika majina ya watu unaowasalimia, unatuma, na siku moja mtangazaji anayasoma pamoja na lako, nchi nzima inasikia. Nami nikalisikia langu. Baada ya hapo sikuwa na akili nyingine. Betri zikiisha nguvu nilizianika juani. Madaftari ya shule niliyajaza majina ya watu wa Tabora na Tanga nisiowafahamu hata sura.

Jumamosi ile mama mdogo alikwenda sokoni, akaniachia mtoto wake nimkande kwa maji. Nikasema moyoni, kipindi kiishe kwanza. Aliporudi alimkuta mtoto amekakamaa kwa degedege, mimi nimebandika sikio redioni. Alimbeba akakimbia naye hospitali, miguu mitupu.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Waliporudi siku ya tatu nilijiandaa kwa fimbo. Mama mdogo akakaa karibu yangu.

"Hao unaowasalimia, unawajua?"

"Siwajui, mama."

"Na wao wanakujua?"

"Hawanijui."

"Sasa sisi tulio hapa je?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia, "Hapa naitwa tu nikitakiwa kuchota maji. Tangu mama afe hakuna aliyeniuliza naendeleaje."

Naye akalia. Toka siku ile akawa ananiita jikoni tumenye viazi pamoja, nami nikawa namsimulia habari za mama. Redio ilibaki palepale kwenye rafu, ila nikawa nasahau kuiwasha. Mpaka leo sielewi vizuri ilikuwaje.

Na wewe, mjukuu wangu, unanichanganya. Baba yako alikuleta akasema huachi simu usiku na mchana, niifungie sandukuni, na Jumapili anakuja. Nikimwambia hujabadilika, anakuachisha shule. Hii ni wiki ya pili simu imefungwa, na bado huli, huongei, unatazama viganja vyako tu. Nilidhani simu ikiondoka, shida nayo imeondoka. Sasa sijui. Jana ndiyo nikakumbuka kwamba wazazi wako wametengana tangu mwaka jana, ukahamishwa shule, ukaachana na rafiki zako, na hakuna kati yetu aliyekaa chini akakuuliza. Tulikupa simu ili utulie. Ukatulia kweli, nasi tukashukuru! Naona aibu kusema hivyo.

Nakusihi, mwanangu, usikimbilie simu ukiwa na uchungu au upweke, maana hapo ndipo inapokukamata. Kifua kikijaa, tafuta mtu, hata awe mzee anayechelewa kuelewa kama mimi. Ukiona usingizi, chakula na kazi za shule vinakushinda kwa sababu yake, sema mapema, usisubiri tugundue wenyewe. Sisi wakubwa tunachelewa sana kugundua.

Jumapili nitamwambia baba yako kwamba wa kulaumiwa kwanza ni sisi, na kwamba shule huachi. Atanikasirikia. Nimemzaa mwenyewe, nimemzoea.

Mungu akutunze, akupe watu wa kukusikiliza na moyo wa kuwaambia. Sogea hapa, mwanangu. Nimekaa tangu asubuhi nikitafuta swali la kukuuliza, sijalipata. Anza wewe.