Mgagani wa Zizini

Nasema wazi: ng'ombe wa marehemu baba waliuzwa na baba yangu mdogo. Aliwaswaga wote mpaka mnadani Kahama, na fedha akaenda kuzifukia kwenye mashimo ya dhahabu kule Nyarugusu. Alirudi na kofia mpya tu. Mwaka huohuo tukahamishiwa kijiji kipya, mvua ikagoma, tukawa tunakula ugali mkavu wa udaga, unga wa muhogo, bila mboga.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mama akachukua kikapu, akasema twende kwetu kwa zamani. Nilitangulia mbio, tope likinirukia mpaka mgongoni, maana nilishajua anachowaza. Mgagani ni mboga ya kujiotea, hakuna anayeupanda, lakini unapenda palipolala ng'ombe.

Na kweli! Zizi letu lilikuwa kijani kutoka uzio wa miiba huku mpaka uzio wa kule, majani teketeke, mgagani umesongamana utadhani umepandwa. Nilipiga kelele kama mwehu. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Tukachuma kwa mikono miwili, ile harufu yake kali ikitung'ang'ania vidoleni.

Kikapu hakijajaa, baba mdogo akatokea na mkewe, wamebeba gunia. Nikamwamkia shikamoo kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa, hakuitikia. Akamwambia mama zizi ni la kaka yake, kwa hiyo kilichoota humo ni cha ukoo, na mgawaji ni yeye. Tuweke kikapu chini. Tukikiacha, jioni ni udaga mkavu tena.

Mama hata hakunyanyuka. Aliendelea kuchuma.

"Shemeji," akasema taratibu, "ng'ombe umekula peke yako. Na mavi yao nayo unayataka?"

Mkewe ndiye aliyeanza. Alijiziba mdomo kwa kanga, kicheko kikamponyoka hivyohivyo. Baba mdogo akamtazama, akatutazama sisi, akavuta kofia yake usoni na kuondoka. Gunia aliliacha. Mkewe akaliokota, akainama kuchuma pamoja nasi.

Jioni ile mgagani ulichemka nikiwa nimekaa palepale jikoni, siondoki. Bila maziwa ni mchungu sana, na maziwa tungeyatoa wapi? Mama akaniomba nivumilie, kesho atatafuta karanga. Mimi nilishafika kwenye tonge la mwisho, nafutia nalo chungu.