Vidoti Sita vya Nyanya

Picha hii bado inanuka mafuta ya karafuu, ingawa mto wa Nyanya iliyolala chini yake haupo tena. Usitarajie makubwa ukiiona: ni weusi uliochafuka rangi ya chungwa, na vidoti sita vyeupe.

Nilikuwa na miaka tisa. Nyanya, mama yake Baba, aliletwa kwetu Kilimani, Nairobi, kutoka pwani kutibiwa, na kufikia Julai hakuweza tena kusimama. Dirisha lake lilitazama ukuta wa ghorofa la jirani. "Huku hakuna nyota," alisema kila alfajiri. "Nirudisheni kwetu nikakione Kilimia." Hicho kishada cha nyota ndicho kilichompa majira ya kulima maisha yake yote. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua," alizoea kutuambia. Baba akaahidi kumpeleka mwisho wa mwezi, daktari apende asipende.

Mimi na kimbelembele changu nikaona, safari yote hiyo ya nini? Filamu ya Idi ilikuwa bado kwenye kamera ya Baba, imebakisha picha moja. Alfajiri Baba akiswali, nikapanda juu ya paa, meno yakigongana kwa baridi, manyunyu yakinilowesha. Upande wa mjini mbingu ilikuwa nyekundu kama jiko la makaa. Nyota sikuiona hata ya dawa. Nikaelekeza kamera hukohuko, nikabonyeza. Flashi ikawaka.

"We mtoto!" askari wa getini akaita. "Unapiga nani picha huko juu? Malaika?"

Fundi wa studio alikataa kuisafisha. "Mzee, hii haikutoka," alimwambia Baba. "Ni giza tupu." Nikalia mpaka akaitoa.

Nyanya aliisogeza karibu na pua, akahesabu kwa kidole mpaka sita. Akanitazama kitambo. "Ndicho," akasema. "Mungu akuweke, mwanangu." Niliruka kwa furaha.

"Basi, Mama, si umekiona?" Baba akasema, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Safari haikutajwa tena, wala Nyanya hakuiomba. Alifariki Agosti, tukamzika hapahapa Nairobi, mbali na watu wake.

Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba vile vidoti ni manyunyu yaliyomulikwa na flashi. Nyanya alikijua Kilimia kuliko alivyoujua uso wangu. Hakudanganyika hata kidogo, alinihurumia tu. Nikisimulia, watu husema nilimletea Nyanya nyota, nami nawaacha waseme. Lakini wewe nakuambia ukweli: nilimfungia njia ya kurudi kwao.