Siku Niliyomlilia Neema

Haya, chekeni mapema mmalize, maana najua mdogo wangu Elia ameshawasimulia nusu, na nusu aliyoichagua ni ile inayonionyesha mjinga zaidi, kwa hiyo leo nasema mwenyewe, yote, na aibu yake juu. Mimi, baba mzima, mzee wa kanisa, mwenye shamba la zabibu pale Zuzu na sauti ambayo hata mbwa wa jirani wanaitii, niligaagaa kwenye vumbi la Dodoma mchana kweupe nikimlilia binti yangu, na binti mwenyewe wakati huo alikuwa mzima kuliko mimi.

Binti huyo ni Neema, kifungua mimba wangu, yuko chuo kikuu pale mjini. Mwaka wa kwanza alikuwa anakwenda na kurudi nyumbani, anatoka alfajiri na anarudi amechoka mpaka anasinzia kwenye sahani, basi mwaka wa pili akaomba apange chumba na wenzake karibu na chuo. Mama yake akakubali hapo hapo. Mimi nikasema tutaona (wenye watoto mnaijua hiyo "tutaona"), kwa sababu nilikuwa nimesikia mengi kuhusu hayo mageto ya wanafunzi, kwamba ni muziki usiku kucha, ni chupa, ni wavulana wanaoingia bila hodi. Baada ya mabishano nikampa muhula mmoja wa majaribio: nitakuja kuona kwa macho yangu, nikiridhika unabaki, nisiporidhika unafunga godoro lako unarudi Zuzu. Yeye alikuwa analia abaki, anasema barabara inamla muda wa kusoma. Mimi nilikuwa nasema maadili, maadili, lakini niwaambie ukweli kwa kuwa leo ni siku ya ukweli, nyumba ilikuwa imepooza bila yule mtoto na nilikuwa natafuta sababu ya kumrudisha.

Sasa kosa langu lilikuwa dogo tu. Niliamua kwenda bila kumwambia mtu, na ili mama yake asije akaninusa akamtonya Neema, nikazima simu. Basi. Mtu mwenye akili angepiga simu akasema naja Jumamosi, akapikiwa chai, akaonyeshwa chumba, akarudi nyumbani na heshima yake, lakini mimi nilitaka kufumania, nikabeba kifuko changu cha karanga na mlenda mkavu (hata mpelelezi haendi mikono mitupu) nikaondoka.

Nyumba yenyewe ni ya Bi Mwanahawa, mama mmoja mjane wa pale mjini, mtu wa swala tano, amepangisha wanafunzi vyumba vya uani. Njiani nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kugomba, nimeyapanga vizuri kabisa, nikitegemea kusikia muziki tangu barabarani. Nilipofika nikakuta kimya. Uani kumefungwa turubai, viti vya plastiki vimepangwa chini yake, vijana wamekaa wameinamisha vichwa, wamevaa fulana nyeusi karibu wote, pembeni mafiga matatu na kuni zinafuka moshi, kuna mmoja amelala kwenye mkeka kajifunika shuka gubigubi, na kuna msichana mnene mwenye macho mekundu anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Nikajikuta nimevua kofia.

"Poleni," nikasema.

"Asante mzee, shikamoo," wakajibu kwa sauti za chini.

"Marahaba. Mimi ni baba yake Neema."

Jamani, waliangaliana. Yule msichana (anaitwa Rehema, sasa ni kama mwanangu) akainamisha kichwa zaidi. Kijana mmoja mrefu anayeitwa Daudi akainuka, akanipa kiti chake, akakifuta kwanza kwa mkono, akasema, "Baba, kaa kwanza."

Nikauliza, "Neema yuko wapi?"

"Kaa kwanza baba. Rehema, mletee baba maji."

Hapo nikakaa. Ninyi nyote ni watu wa huku, mnajua, hapa kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa wima. Anaambiwa kaa, anaambiwa kunywa maji, halafu anatafutwa mtu wa kuzungukazunguka na habari za mvua na za mavuno ndipo aliseme neno lenyewe. Na mzungukaji wa kijiji chetu ni mimi! Nimewakalisha watu wangapi kwenye viti, nimewanywesha maji wangapi, kila hatua naijua, na sasa aliyekalishwa na kupewa kikombe ni mimi. Nikasema, "Daudi mwanangu, niambie tu, Neema yuko wapi?" Naye akatazama chini akasema, "Tutaongea baba, pumzika kwanza, umetoka mbali." Zuzu na mbali wapi na wapi? Hapo nikajua mtoto hayupo tena.

Sikuuliza zaidi. (Mke wangu mpaka leo ananiuliza kwa nini.) Nikawasha simu, nikampigia Elia, nikamwambia, "Elia, Neema ametutoka," na Elia, ambaye siku zote ukimtuma chumvi anarudi kesho yake, siku hiyo akawa mwepesi, akakata simu akaenda kuwaambia watu.

Sasa sikilizeni jinsi shetani anavyofanya kazi. Wale watoto walikuwa hawajui lolote la kifo. Neema alikuwa ametoka na kijana mmoja wa darasa lao, Baraka, kwenye pikipiki ya huyo Baraka, wamekwenda kuazima sufuria kubwa, na wenzake walijua habari za yule baba mkali wa Zuzu na muhula wake wa majaribio, kwa hiyo waliogopa kuniambia kwamba binti yangu yuko mgongoni kwa mvulana. Walikuwa wanavuta muda tu, kwa adabu zote, mpaka arudi. Lakini Rehema aliponiona na simu sikioni, hakujua nimepiga au nimepigiwa, akasikia tu "Neema ametutoka", akadhani nimepewa habari na watu wa huko barabarani, akatupa kikombe akapiga yowe.

"Pikipiki! Nilimwambia asipande ile pikipiki!"

Na mimi niliposikia hivyo ndipo nikathibitisha, maana sasa nilikuwa na kifo na sababu yake. Kwa hiyo mimi nalia kwa sababu wao wamejua, na wao wanalia kwa sababu mimi nimejua, na hakuna aliyejua chochote. Hata yule wa kwenye mkeka akaamka, akatazama huku na huku, akaanza kulia bila kuuliza. Daudi, mwenye akili kidogo, akajaribu kumpigia Neema, simu ikaitikia chumbani juu ya kitanda, alikuwa ameiacha kwenye chaji, na ule mlio wake ukatumaliza kabisa. Bi Mwanahawa akatoka ndani na mikeka kwapani kabla hata hajaambiwa ni nani, majirani wakaingia, akina mama wakakaa, ua ukajaa.

Na mimi, mnaonijua, mimi ninayewaambia wanaume wenzangu makaburini kwamba machozi ni ya ndani, nilishuka kwenye kiti nikakaa mavumbini nikapaza sauti. Sitawaficha nilichosema, kwanza mashahidi ni wengi. Nilisema, "Neema mwanangu, rudi tu! Kaa unakotaka! Nani aliyekuambia ufunge godoro? Ni mdomo wangu tu, mwanangu! Nilikuwa nakukumbuka, nilikuwa sijui kusema! Rudi nikununulie ile kompyuta! Suka nywele hizo ndefu, suka hata mpaka kiunoni! Na huyo kijana anayekupigia simu usiku, nimemkubali, aje, aje nyumbani ale!"

Sasa wakati naendelea hivyo, Neema na Baraka wakatokea. Neema alikuwa amejivika sufuria kichwani kwa ajili ya jua na upepo, anaona watu wamejaa anasikia vilio, akashuka, na kwa kuwa nimemlea vizuri (hili nalisema kwa kujivuna) hakupita tu. Akaweka sufuria chini, akajitanda khanga, akachuchumaa karibu na bibi mmoja wa jirani, akaanza kulia na wengine. Baadaye kidogo ndipo akamnong'oneza yule bibi, "Bibi, ni nani?"

"Ni Neema, mwanafunzi wa humu ndani. Maskini, pikipiki."

Mwenyewe anasema alilia zaidi, akidhani ni Neema mwingine. Halafu akaisikia sauti yangu, nimefika kwenye ile ahadi ya kompyuta wakati huo, akainua macho.

"Bibi, yule anayelia ni baba yangu."

"Ooh, pole mwanangu, kumbe umefiwa na dada."

"Sina dada, bibi. Mimi ndiye Neema."

Yule bibi alikimbia. Mimi niliona tu watu wanafungua njia, na mtu anapiga magoti mbele yangu, ana masizi ya sufuria kwenye paji la uso, ananiambia, "Baba, shikamoo." Nilimshika uso kwa mikono miwili, nikayapaka yale masizi mpaka mashavuni, nikamshika masikio, mabega, kama ninanunua mbuzi mnadani, na nikalia upya, safari hii kilio kibaya zaidi maana hakikuwa na maneno. Nyuma yake alikuwa amesimama Baraka na ufunguo wa pikipiki. Na yeye akasema, "Shikamoo baba," na jinsi alivyolivuta lile "baba" nikajua ameyasikia yale ya mwisho.

Ndipo mambo yakaelezwa. Turubai ni la mkwewe Bi Mwanahawa, anakodisha, alikuwa amelifunga pale ashone palipochanika. Wanafunzi wana mtihani Jumatatu, vyumba vya bati vinaunguza, wakaomba kivuli wasomee. Mafiga yalikuwa ya chakula chao cha pamoja, ndiyo maana ya sufuria kubwa. Fulana nyeusi ni za darasa lao. Wa kwenye mkeka alikuwa amekesha na vitabu. Na Rehema alikuwa analia kwa sababu ya takwimu (kuna swali moja lilikuwa limemshinda tangu asubuhi, alinionyesha, nikalitazama, nikaona kweli ni la kulia). Yaani nilikwenda kufumania starehe, nikakuta watu wanasoma mpaka nikadhani ni msiba.

Ningeishia hapo ningekuwa na afadhali. Nilikuwa nimemsahau Elia. Tuko katikati ya kucheka na kufutana machozi, tukasikia kwaya. Lori la Kenta limekuja limejaa, kina mama wa kanisa wote wamesimama wanaimba, kuna kuni, kuna gunia la unga, kuna mbuzi, kuna mchungaji amekaa mbele na dereva, na mke wangu anashushwa ameshikiliwa na watu wawili. Anatembea analia, mikono kichwani. Neema akamkimbilia, akapiga goti, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema mama yake kwa mazoea, akapita, akaendelea kulia hatua kadhaa. Halafu akasimama.

Jinsi alivyogeuka sitaisahau. Alimkumbatia mtoto muda mrefu sana, kisha akaniangalia mimi juu ya bega lake, sikuzoea kuangaliwa vile na mtu aliye hai. Akasema, "Baba Neema, simu yako ilizimwa kwa ajili ya nini?"

Mbuzi hakurudi Zuzu, mtu harudishi mbuzi wa msiba nyumbani. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao, basi mimi janga langu tulilila kweli, na nyama, na ugali uliopikwa kwenye sufuria ile ile ya kuazima, na mlenda wangu, wanafunzi na wanakwaya na majirani, mpaka yule bibi aliyekimbia alirudi na sahani. Mchungaji akaomba dua ya shukrani, na alipofika kwenye "wale wanaolia kabla ya kuuliza" sauti yake ikakatika kwa kicheko na waumini wakamalizia amina.

Wakati Kenta inawashwa, Neema akaja kwangu. Hakuwa anacheka. Akasema taratibu, "Baba, umeshaona. Nifunge godoro?"

Wenzangu, nilitaka kusema funga. Mtu aliyemzika mwanawe mchana huo huo hataki kumwacha mahali, anataka amtie mfukoni aondoke naye. Niliwatazama wale watoto, wameshasafisha viti wamerudi kwenye daftari zao, Daudi anamwelekeza Rehema lile swali, na Baraka ameshika ncha ya khanga ya Bi Mwanahawa anaomba turubai likae mpaka Jumatatu. Nikaona hapa ni kwake, hakuna nilichoweza kusingizia.

"Kaa," nikasema. "Kaa mwanangu."

"Na kompyuta!" akina mama, walioshasimuliwa ahadi zangu, wakaitika kutoka juu ya Kenta, kwa sauti zao zote. "Na nywele!"

Basi sasa hivi nimeapa: sitakwenda tena kwa mtoto bila kupiga simu, na nikifika mahali nikaambiwa kaa unywe maji, nitauliza kwanza nani amekufa, hata kama nipo kwenye harusi. Kijijini wananiita Baba Marehemu, nimezoea. Simu siizimi tena hata nikiwa shambani. Jioni inalia, naipokea, na kabla ya shikamoo yule mtoto ananiambia, "Baba, kaa kwanza, unywe maji," halafu anacheka mpaka anapaliwa.

Nami nakaa.