Kumfuata Kakakuona Fukayosi

Vita ilikuwa imekwisha, na makumbusho yetu ya Dar es Salaam yalikuwa na kabati moja tupu lililomkosesha mkuu wetu usingizi. Iliposikika kwamba kakakuona ameonekana Fukayosi, niliitwa mimi, mchuna ngozi, nikamlete. "Ukirudi mikono mitupu," akasema, "katafute kazi bandarini." Nina mke na watoto, sikucheka.

Asubuhi nilidandia lori lililokwenda Bagamoyo kupakia chumvi. Tulipofika Kerege gurudumu likapasuka, dereva akamlaumu kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Bagamoyo nililala kwa shangazi. "Kakakuona hauzwi, mwanangu," akanicheka. "Labda ukanunue mvua."

Kesho yake nilifika Fukayosi kwa miguu, kwa Bi Mwanamvua, ambaye mnyama alikutwa shambani mwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kutazama au kuchukua?"

"Kutazama kwanza."

Watu walikuwa wamejaa uani, maana mvua ilichelewa na mpunga ulikuwa ukikauka. Kwao kakakuona akionekana huulizwa habari za mwaka, kisha hurudishwa msituni akiwa mzima. Aliwekewa bakuli la maji, unga na upanga. Akiyaendea maji, ni mvua; akiuendea unga, ni mavuno; akiuendea upanga, ni shari. Lakini alijikunja kama mpira, akagoma.

"Mgeni, mkobani mna nini?" Bi Mwanamvua akauliza.

"Visu vya kuchunia, bibi."

"Basi katuwekee mbali shari yako!"

Niliona haya mbele za watu. Niliupeleka mkoba hadi njia panda. Niliporudi kakakuona alikuwa amejikunjua, akaenda moja kwa moja kwenye maji, akanywa. Vigelegele! Hata mimi niliyekuja kumchuna nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Jioni tulimsindikiza msituni, na habari za kabati sikuzitaja.

Hofu ya bandari ikanirudia usiku. Kulipokucha nikamwomba fundi achongaye vinu hapo kijijini anichongee kakakuona wa mninga. Alimchonga gamba kwa gamba, na Bi Mwanamvua akaongeza bakuli lile lile la maji.

Dar es Salaam, mkuu alikigeuza kinyago, akanikazia macho. "Na wa kweli?"

"Yuko kwao, bwana. Kijiji kizima kinamlinda. Tukimchuna mmoja, hawatatuonyesha tena mwingine."

Akafungua kabati kwa mkono wake, akakiweka kinyago ndani pamoja na bakuli.

Nilikwenda nikidhani makumbusho ni mahali pa kuwaweka wanyama. Siku hizi watoto wa shule hulizunguka kabati lile wakiuliza mwenyewe yuko wapi, na mkuu hunitangulia kujibu: "Yuko Fukayosi, mzima."