Kompyuta ya Marehemu Ofosuhene

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2014. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu mazito juu ya Kumasi, upepo hakuna.

Saa moja asubuhi Yaw Birempong alikuwa ameshaoga na kujitanda kitambaa chake cha heshima, bega moja wazi, amekaa mbele ya kompyuta kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Saa nne ukoo ungekutana kwa mtandao kwa mara ya kwanza, walioko Kumasi, Accra na Hamburg, wamchague mkuu wa ukoo mahali pa marehemu mjomba Ofosuhene. Asiyeingia kabla tambiko halijamalizika, jina lake halitajwi. Birempong alitaka jina lake litajwe. Ukuu huo aliutamani tangu mjomba alipoanza kukohoa.

Tatizo lilikuwa kompyuta yenyewe, mashine ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia. Ukiiwasha, picha zinakuja upesi. Mtandao ndio hauji. Dakika kumi na mbili kila siku, hazipungui wala haziongezeki. Birempong alistaafu ukaguzi wa shule, na hakuwahi kukosa jibu la jambo lolote. Alianza kwa kuilaumu modemu, akanunua mpya. Dakika kumi na mbili. Akabadilisha waya. Kumi na mbili. Akaihamishia mashine dirishani ipate hewa, akaipiga brashi ya viatu, akagombana na jirani mwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Kumi na mbili.

Ijumaa mkewe, Akyaa, alimwita fundi bila kumuuliza. Fundi Esi Takyiwaa aliketi, akabonyeza mara tatu, akacheka.

"Mzee, mashine yako haiumwi. Inakwenda kazini."

"Kazini wapi?"

"Kwenye ofisi ya mwenye nayo wa kwanza. Kila ukiiwasha inalitafuta kabati la mafaili la huko. Inabisha hodi, haijibiwi, inabisha tena. Ikichoka ndipo inakukumbuka wewe. Hiyo ofisi bado ipo?"

"Ilifungwa miaka sita sasa," alisema Akyaa. "Wanauza matairi pale."

"Basi niifute hiyo njia. Ni hapa tu, mzee, unaona? Dakika moja."

"Usiguse!"

Fundi alirudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Hakujua habari za Januari. Mjomba alipozikwa, binamu mmoja, Abena Konamah, aliomba gari la marehemu wapelekee wazee wa ukoo hospitali. Birempong alisimama mbele ya watu wote akaapa kwamba kitu cha marehemu hakiguswi mpaka kumbukumbu ya mwaka. "Hata kijiko!" alisema, na watu wakampigia makofi. Gari likabaki uani, kuku wakalihamia. Wiki ileile Birempong aliichukua kompyuta, kuihifadhi.

"Kuichukua si kuigusa?" aliuliza Akyaa.

"Kuhifadhi ni kuhifadhi. Lakini kufuta alichokipanga marehemu kwa mkono wake mwenyewe..."

"Kumbe kubeba ni halali, kufuta ndiyo haramu."

Esi alifunga mkoba wake. "Basi, mzee, iwashe mapema. Na uombe umeme usikatike."

Jumamosi hiyo aliiwasha mapema. Saa moja na dakika kumi na mbili mtandao ukaja, naye akamtazama mkewe kwa jicho la ushindi. Saa tatu na nusu umeme ukakatika.

Akyaa alimletea simu yake. "Chukua hii."

"Nikagombee ukuu ndani ya kitu kama kipande cha sabuni? Wataona pua tu."

"Heri waone pua, Baba Dufie, kuliko wasione kitu."

"Nimesema hapana."

Umeme ulirudi saa nne kasoro dakika nane. Mashine ikaamka, ikajinyoosha, ikaenda zake kubisha hodi kwenye duka la matairi. Saa nne ikafika. Jasho lilimtiririka Birempong kwenye lile bega lililo wazi. Mahali pa kubonyeza alipajua, fundi alishamwonyesha. Kidole kilikwenda, kikarudi, kikaenda tena. Kama ilikuwa ni kuwaogopa wafu au ni ukaidi, Akyaa aliyesimama mlangoni hakuweza kutofautisha.

Saa nne na dakika nne mtandao ukaja. Birempong akakaa wima, akavaa tabasamu la mkuu wa ukoo, akaingia mkutanoni. Na kwenye vioo vya ndugu zake wote, Kumasi, Accra na Hamburg, yakatokea maandishi: Kwadwo Ofosuhene ameingia.

"Yesu wangu!" shangazi wa Accra alipiga yowe. "Mwenyewe karudi!"

Tambiko lilikuwa limekwisha. Aliyechaguliwa, Abena Konamah, alikuwa bado ameshika bilauri ya tambiko. Aliisogelea kamera.

"Kaka Yaw, ni wewe huyo?"

"Ni mimi, dada. Umeme ulikuwa..."

"Umeme tunaujua. Mbona umeingia kwa jina la marehemu?"

Birempong alivuta kitambaa chake begani. Abena akaendelea.

"Nauliza tu, maana mimi nilikatazwa hata kijiko."

Watu wa Hamburg walicheka mpaka mmoja akatoweka kwenye picha.

"Nilikuwa naihifadhi," alisema Birempong.

"Ahsante kwa kuihifadhi. Kesho ukaihifadhi kwake, kabla ya ibada."

Birempong alifungua kinywa ajibu. Picha ikaganda hapohapo, na muda wote uliobaki wa mkutano ukoo ulimtazama hivyo, mdomo wazi, kidole juu.

Jumapili asubuhi aliifunga kompyuta kwa shuka, akaipakia kwenye toroli na kuisukuma mitaa mitatu hadi nyumbani kwa mjomba. Kila aliyemsalimia njiani aliambiwa kwamba inapelekwa kutengenezwa.